Hadubini si anasa bwawani

Anayedai kwamba mfugaji wa samaki Morogoro anahitaji vifaranga na chakula, si utafiti wa vimelea, amesahau kuwa vifaranga hivyo ndivyo vinavyobeba vimelea. Trikodina, kiumbe cha seli moja, huzaliana kwa kujigawa kwenye ngozi na matamvua ya perege, bila kuhitaji mwenyeji mwingine kama konokono. Msongamano na maji machafu humtosha, na mabwawa mengi hayakosi vyote viwili. Utafiti una gharama, kweli. Lakini Norwei, miaka ya 1970, iliingiza samoni wachanga wenye mnyoo jirodaktilasi, kisha ikalazimika kutia sumu mito mizima ili kumtokomeza. Nasi tuna mto wa kulinda: Ngerengere hutoka Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo hapa hapa: vifaranga vikaguliwe kwa hadubini kabla ya kugawiwa.