Je, Del Monte Alikuwa Nani?

Watoto wana maswali yanayoweza kumtoa mtu mzima jasho. Jumamosi moja nilikuwa nikifungua mkebe wa mananasi jikoni kwetu Ruiru. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi, akasoma maandishi yaliyo juu yake kisha akauliza: "Mama, huyu Del Monte alikuwa Mzungu wa wapi? Ndiye aliyepanda mananasi ya Thika?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba alikuwa Mwitaliano, nikadhani yameisha. Kumbe nilikuwa nimempotosha mtoto! Huenda hata wewe ungejibu vivyo hivyo. Basi hebu tulifuate jina hili, kwa maana safari yake itaturudisha nyumbani kwako na kwangu.

Ni kweli kwamba Del Monte ni jina la ukoo nchini Italia. Maana yake ni "wa mlimani". Hapo kale watu wengi wa huko walikuwa na jina moja tu. Akina Giovanni walipozidi kijijini, ilibidi watofautishwe. Mmoja akawa Giovanni wa mlimani, mwingine Giovanni mwana wa Piero, wa tatu Giovanni mhunzi, na wa nne Giovanni mwekundu. Ndiyo asili ya majina kama Ferrari, linalotokana na kazi ya uhunzi, na Rossi, linalotokana na wekundu wa nywele au ndevu. Mjini Naples, watoto wachanga walioachwa mlangoni pa makao ya mayatima waliitwa Esposito, yaani aliyewekwa nje. Vitukuu vyao wanalo jina hilo mpaka leo.

Wengine walipata jina la Del Monte kutokana na mji. Papa Julius III, aliyeliongoza Kanisa Katoliki kuanzia 1550 hadi 1555, alizaliwa akiitwa Giovanni Maria Ciocchi del Monte. Ukoo wake hasa ulikuwa Ciocchi, lakini asili yao ilikuwa mji wa Monte San Savino katika jimbo la Toscana. Basi wakajulikana kama watu wa Monte.

Kulikuwa pia na Kardinali Francesco Maria del Monte, aliyempa mchoraji Caravaggio makao katika jumba lake mjini Roma mwishoni mwa karne ya 16. Ndugu yake, Guidobaldo, alikuwa mwanahisabati na alimsaidia Galileo kupata kazi ya kufundisha chuoni. Hawa walikuwa wa Monte Santa Maria, mahali pengine kabisa. Usidhani basi kwamba walikuwa wa ukoo mmoja na Papa yule. Ni sawa na Mwangi wa Ruiru na Mwangi wa Nyeri: wanaitikia jina moja, lakini kila mmoja ana babu yake.

Je, ni nini kilichoyafanya majina haya yagande? Jibu ni kalamu ya karani. Mwaka wa 1545 Kanisa lilianza mkutano mkuu uitwao Mtaguso wa Trento. Miongoni mwa makardinali watatu waliosimamia kufunguliwa kwake alikuwemo yule yule Giovanni Maria del Monte, kabla hajawa Papa. Mwaka wa 1563 mtaguso huo uliwaagiza maparoko waweke vitabu vya ndoa na vya ubatizo. Jina likishaandikwa kitabuni, halikubadilika kwa urahisi tena. Mjukuu wa Giovanni wa mlimani hata akihamia bondeni, aliandikwa "wa mlimani" vile vile.

Sasa turudi kwenye mkebe wetu. Je, ni Del Monte yupi kati ya hao aliyefika Thika? Hakuna hata mmoja! Jina la mkebe lilitoka Marekani, na lugha yake ni Kihispania, ambacho kwa maneno haya mawili kinafanana na Kiitaliano. Mwaka wa 1880 ilifunguliwa hoteli ya kifahari mjini Monterey, California, ikaitwa Hotel Del Monte. Mwaka wa 1886 mfanyabiashara mmoja wa vyakula mjini Oakland alitengeneza kahawa maalumu kwa ajili ya hoteli hiyo, akaipa jina lake. Kufikia 1892 jina hilo likawa limebandikwa kwenye mikebe ya matunda.

Sisi wa Ruiru tuna sababu ya kutabasamu hapo. Jina tunalolihusisha na mananasi lilianzia kwenye kahawa, na mji wetu ndio wenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina iitwayo Ruiru 11 mwaka wa 1985.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya California iliyomiliki jina hilo ilikuja Thika kuendesha kiwanda cha Kenya Canners. Mwaka wa 1967 kampuni yenyewe ikajiita Del Monte. Kichekesho ni kwamba Waitaliano walikuja kweli, lakini baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mananasi ya Thika yalikuwa mikononi mwa Cirio, kampuni iliyoanzishwa na Francesco Cirio mjini Torino mwaka wa 1856. Cirio lilikuwa jina la mtu halisi. Mwaka wa 2004 Cirio ikauza biashara hiyo kwa kampuni ya Fresh Del Monte.

Unaona, msomaji? Jina la mkebe linaweza kununuliwa na kuuzwa hata kama halina babu. Jina la mtu sivyo. Lakini mtu asipojua habari za jina lake, tofauti yake na mkebe ni ipi?

Swali hilo lilinichoma. Jumapili iliyofuata tulipanda matatu, mimi na binti yangu, tukaenda Thika kumwona baba yangu. Sisi huitwa akina Muturi, na kwa Kikuyu muturi ni mhunzi, kwa hivyo Bwana Ferrari ni wajina wetu. (Nawe ukiitwa Kirima, jua kwamba wajina wako ni Del Monte, kwani kirima ni mlima.) Lakini sikuwahi kusikia habari za mhunzi yeyote kwetu.

Mzee alicheka. "Baba yangu hakushika nyundo hata siku moja," akasema. "Alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi. Huyo ndiye aliyefua majembe na mikuki." Desturi yetu haikuwa na jina moja la kuganda. Muturi alimzaa Njoroge, na Njoroge akizaa mtoto wa kwanza wa kiume, naye ni Muturi. Majina yalipokezana. Kisha baba yangu, akiwa kijana, alikwenda kuandikwa kibarua. Karani akamuuliza jina la mwisho. Akataja la baba yake, na tangu siku hiyo sote tumekuwa Muturi kwenye vyeti.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza haya miaka yote hiyo. Akanitazama kwa muda. "Mama," akasema, kwa maana mimi nina jina la mama yake, "hukuniuliza."

Sikuwa na la kujibu. Binti yangu alikuwa ameshatoa daftari na anaandika. Mzee ana zaidi ya miaka themanini, na siku hizi kumbukumbu zake huja na kupotea. Lau mtoto asingeuliza habari za mkebe, mhunzi wetu angezikwa mara ya pili.

Basi leo, kabla hujalikunja gazeti hili, mwulize mzee wenu jina lenu lilitoka wapi, na uandike jibu lake. Nanyi wanafunzi msiogope kuuliza. Tukutane Jumapili ijayo.