Presha 170, foleni dirishani



Naomba nafasi nieleze yaliyonipata katika hospitali moja ya serikali ambayo sitaitaja. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kichwa kiliniuma vibaya, macho yakaona vimulimuli, uso umevimba. Gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito unaoitwa kwa kupiga 115, lilinifikisha haraka, sifa kwao. Muda ulipotelea ndani ya geti.

Muuguzi alipima presha, akaandika 170 kwa 110, kisha akatuelekeza dirishani kufungua faili na kulipa. Mume wangu akapanga foleni. Degedege likanikuta kwenye benchi.

Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure. Sasa dirisha lilikuwa la nini? Salfeti ya magnesiamu, dawa ya kwanza ya kifafa cha mimba na ya bei nafuu, ilikuwemo kabatini. Nilichomwa baada ya kuanguka.

Najua vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Mimi na mwanangu tuko hai pia. Lakini naomba waganga wakuu waagize: mjamzito mwenye presha ya 160 kwa 110 au zaidi aingie wodini kwanza, faili limfuate.

Msomaji wenu