Sehemu ya 4: Acheni kumwambia mwenzenu "vumilia miaka mitatu iishe"

Haya mama zangu, nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, watoto wameshaenda shule. Sehemu tatu zilizopita tuliongea chanjo, kunyonyesha na homa za usiku. Leo naweka dawa pembeni. Naongelea kibali cha kuishi, maana nimechoka kuona kibali kinavunja watu mbavu. Mbavu kweli, si za kucheka.

Kuna dada alilazwa wodini kwetu hapa Ujerumani (mambo yake madogo madogo nimeyabadilisha asijulikane). Faili lilisema ameteleza bafuni. Mimi nimeuguza miaka 14, na mtu aliyeteleza bafuni hana michubuko ya vidole vinne juu ya kiwiko. Alinisikia nikiongea Kiswahili na binti yangu kwenye simu, akasubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikitoka kwake si watanirudisha nyumbani?" Alikuwa amebakiza miezi saba kufikisha miaka mitatu. Nami nikamjibu kile ambacho kila mtu anajibu. Nikamwambia vumilia mdogo wangu, miezi saba si mingi.

Baada ya miezi miwili alirudi. Safari hii mkono.

Kwa hiyo leo nikipiga kelele, ya kwanza najipigia mwenyewe. Nilimpa mtu ushauri wa sheria nisiyoijua, tena nimevaa sare. Ningempa mgonjwa dawa nisiyoijua namna ile, ningefukuzwa kazi kesho yake.

Sasa sikia sheria yenyewe inasemaje, kifungu cha 31 cha sheria ya ukaazi. Ukija huku kwa kibali cha ndoa, kibali kinaegemea ndoa. Mkiisha kuishi pamoja kihalali kama mume na mke ndani ya Ujerumani kwa miaka 3, unapata haki ya kibali chako mwenyewe hata mkiachana, kwanza cha mwaka mmoja. Zamani ilikuwa miaka 2. Mwaka 2011 wakaongeza wa tatu, wakisema wanazuia ndoa za uongo. Mimi nasema walimwongezea mwanamume mkali mwaka mmoja wa kutishia, na hilo nitalisema popote.

Lakini kifungu hichohicho, mistari michache chini, kinasema miaka 3 haidaiwi pale ambapo kumlazimisha mtu aendelee na ndoa ni kumtesa. Na kinataja kwa jina mtu anayefanyiwa ukatili nyumbani. Ustawi wa mtoto anayeishi nawe nao umetajwa. Yule dada hakuhitaji miezi saba. Alihitaji mtu wa kumwambia hivyo, akakutana na mimi.

Hesabu nayo watu wanaikosea vibaya. Hiyo miaka 3 haianzi siku ya harusi. Ndoa yako ya miaka 6 ya Mwanza haihesabiwi, inahesabiwa tangu mlipoanza kuishi pamoja huku. Na haiishii siku ya talaka! Inaishia siku mliyotengana. Wajerumani wana maneno mawili, Trennung ni kutengana, Scheidung ni talaka, na mahakama kwa kawaida inataka mwaka mzima wa kutengana kabla ya kutoa talaka. Kuna mama anadhani ule mwaka wa kusubiri talaka unamjazia hesabu. Haumjazii.

Utasikia ushauri mwingine wa vikundini: "Jiandikisheni tu bado mnaishi pamoja." Wewe! Usitie saini uongo. Kutoa maelezo ya uongo ili upate kibali ni kosa la jinai, na anayeijua siri hiyo ni mumeo, yuleyule mnayegombana. Utakuwa umempa fimbo ya pili.

Na ile ya "nitakurudisha kwenu"? Hawezi. Anaweza kuandika barua ofisi ya wageni, ndiyo, na wengine wanaandika kweli. Lakini anayeamua ni ofisi, uamuzi unakuja kwa maandishi, na una muda wa kuupinga, kwa kawaida mwezi mmoja. Usiiweke barua hiyo juu ya friji. Pasipoti pia ni yako, si ya kukaa kwenye droo yake. Piga picha kila ukurasa, piga picha ya kadi ya ukaazi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, mtumie rafiki unayemwamini.

Kadi ikikaribia kuisha, omba KABLA haijaisha. Mkiwa mnagombana, mkiwa mmetengana, omba. Ukiomba kabla ya tarehe, kibali cha zamani kinaendelea kufanya kazi mpaka waamue, na unapewa karatasi inaitwa Fiktionsbescheinigung. Jifunze kulitamka, lina faida. Miadi imekosekana? Peleka ombi kwa maandishi na utunze ushahidi wa siku uliyolipeleka. Nimemwona mama aliyeacha kadi ikaisha kwa sababu mume alisema "nitashughulikia mimi". Hakushughulikia.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, hapa nina mamlaka ya kusema. Ukituambia umeteleza, tunaandika umeteleza. Ukituambia mume wangu amenipiga, tunaandika hivyo, kwa tarehe, na michubuko tunaipima. Karatasi hiyo baadaye inakusemea pale ofisi inapouliza ushahidi uko wapi. Daktari hampigii mumeo simu, anafungwa na siri ya mgonjwa. Na jamani, msikubali mume awe mkalimani wenu hospitali. Anasimama kando ya kitanda anatafsiri "ameteleza", wewe unatikisa kichwa, sisi tunaandika. Sema unataka mkalimani mwingine. Hujui Kijerumani? Tikisa kidole, mwonyeshe mlango, tutaelewa.

Kuna namba 116 016, ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, ni bure, saa 24, na wana wakalimani. Hatari ikiwa sasa hivi ni polisi, 110, wala si lazima wewe ndiye ulale nje na watoto. Tangu 2002 kuna sheria inayoiwezesha mahakama kukuachia wewe nyumba na yeye akatoka.

Wenye mtoto mwenye uraia wa Ujerumani, mna mlango mwingine. Mzazi anayemlea mtoto Mjerumani ana haki ya kibali kwa ajili ya mtoto huyo, iwe ndoa ilidumu miaka 3 au miezi 3. Na mtoto anaweza kuwa Mjerumani hata baba si Mjerumani. Kwa watoto waliozaliwa huku tangu katikati ya 2024, inatosha mzazi mmoja awe ameishi hapa kihalali miaka 5 na ana ukaazi wa kudumu. Angalia karatasi za mtoto kabla hujalia.

Najua nitaambiwa nawafundisha wanawake kuvunja ndoa. Mama mmoja wa kikundi chetu, ninayemheshimu sana, ameshanipigia. Mama, shikamoo tena, lakini hapana. Kama hakuna kipigo wala vitisho, mapenzi tu yamepoa na mtu amebakiza miezi miwili, hesabu yake ni nyingine, na huyo namwambia akae na mshauri kabla hajahama. Caritas, Diakonie na AWO wana washauri wa wahamiaji, bure. Lakini kumwambia mtu anayepigwa akae apigwe mpaka tarehe fulani ya kalenda, hiyo tusiite busara ya wazee. Wewe unalala kwako salama, anayehesabu siku ni yeye.

Kitu kimoja zaidi. Ule mwaka wa kwanza wa kibali chako mwenyewe, hata ukiishi kwa msaada wa serikali kwa kawaida hawakunyimi kwa sababu hiyo. Baadaye wataangalia kama unajitegemea, kwa hiyo anza mapema. Kibali cha ndoa kinakuruhusu kufanya kazi. Mafunzo ya uuguzi ni miaka 3 na unalipwa ukiwa unasoma. Lugha ngumu, zamu ngumu, wazee wengine hawataki uwaguse. Ila mshahara unaingia akaunti yenye jina lako.

Yule dada anajua naandika haya. Alipata kibali chake miezi mitano baada ya kutoka, wakili na karatasi zetu za wodini vilisaidia. Nilimwomba ruhusa, akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, sekunde tisa tu: "Andika. Na uandike na lile neno uliloniambia siku ile."