Mhadhiri naye afundishwe kufundisha

Mama anayeuza dagaa na mafuta ya mawese kati ya Manyovu na Mugina hamwachii kijana mgeni kibanda siku ya kwanza. Atamweka pembeni kwanza, aone namna ya kupima, ya kurudisha chenji ya shilingi na faranga, na ya kumjibu mteja mkorofi. Lakini mama huyo huyo hupeleka faida yake chuo kikuu kulipa karo ya mwanawe, na huko mtoto hukabidhiwa kijana aliyemaliza shahada juzi, ambaye hakuna aliyemwonyesha hata namna ya kupanga ubao.

Nasema hivi bila nia ya kumbeza mtu. Mwalimu wa shule ya msingi husomea ualimu, na wa sekondari vile vile. Mhadhiri huulizwa vyeti vya somo lake tu, na kadiri anavyopanda kutoka uzamili hadi uzamivu ndivyo tunavyoamini kwamba kufundisha kutakuja kwenyewe.

Mimi nilirudi Burundi kutoka Ulyankulu mwaka 2008. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na chuoni nikakutana na Kifaransa. Hilo silalamikii. Ninalolalamikia ni msaidizi wa mhadhiri aliyetufundisha takwimu kwa kusoma karatasi zilizogeuka njano, huku sisi zaidi ya mia mbili tukiandika kwa sikio. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mishamo, alisikia neno "écart", yaani tofauti, akaandika "ekari", na muhula mzima akadhani tunazungumzia mashamba. Tulicheka sana baadaye, lakini mtihani haukucheka. Alirudia mwaka, kisha akaacha. Leo anauza vitenge mpakani, na kwa hesabu za kichwani ananishinda mimi mwenye shahada.

Mwaka uliofuata tulipata msaidizi mwingine, kijana vile vile. Aliuliza nani kati yetu amebadilisha fedha mpakani wiki ile, na kwa bei gani. Akaandika bei hizo ubaoni, akatafuta wastani, kisha akatuonyesha kila bei iko mbali kiasi gani na wastani huo. Alitumia Kifaransa kile kile. Nilipomuuliza, nikaambiwa kuwa kabla ya kuja chuoni alikuwa amesomea ualimu wa sekondari.

Basi ninachoomba hakihitaji majengo. Kabla muhula haujaanza, wasaidizi wapya na wanafunzi wa uzamili watakaofundisha wakae wiki mbili na wazoefu. Kila mmoja afundishe somo fupi mbele ya wenzake, wamkosoe. Wasahihishe pamoja mitihani michache ya mwaka uliopita, waone jinsi jibu moja linavyopewa alama tofauti na watu wawili. Muhula ukianza, mhadhiri mkongwe akae nyuma ya darasa mara mbili tatu. Majirani wameshaanza: mpango uitwao PedaL, unaoratibiwa kutoka Nairobi, umewanoa wahadhiri katika ufundishaji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa washirika wake.

Najua nitajibiwa kwamba madarasa yamejaa na vitabu hakuna. Ni kweli, na mafunzo hayatapunguza wanafunzi. Ila darasa likijaa ndipo asiyejua kufundisha anapoumiza wengi zaidi, na wa kwanza kuumia ni yule aliyesoma ukimbizini kwa lugha nyingine. Wapo pia maprofesa watakaoona ni dharau kuambiwa wafundishwe. Hao wapewe kazi ya kuwasikiliza vijana, na ikiwezekana kazi hiyo ihesabiwe wanapopandishwa vyeo, kwa maana sasa kinachohesabiwa zaidi ni makala walizochapisha.

Wazazi mnaovuka mpaka kila wiki kutafuta karo, siku ya kumsajili mtoto ulizeni ofisini jambo moja: msaidizi atakayemfundisha mwanangu, ni nani amewahi kukaa darasani kwake akamsikiliza?