Nyimbo za watunzi wetu zahitaji daftari

Mwaka 2016 Akademia ya Uswidi ilipomtunuku mwimbaji wa Marekani, Bob Dylan, Tuzo ya Nobel ya Fasihi, walimwengu waligawanyika. Wapo walioshangilia, na wapo waliouliza tangu lini mpiga gitaa akawa mwandishi. Mabishano hayo yaliwafaa Wazungu, ambao kwa karne nyingi wamezoea kuitenga fasihi na sauti ya mtu. Kwetu sisi hayakustahili hata kuanza. Mtahiniwa yeyote wa kidato cha nne nchini Kenya hujua kwamba nyimbo ni utanzu wa fasihi simulizi, na akiulizwa atataja bembelezi, nyiso, mbolezi, wawe na hodiya bila kusita.

Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuizungumzia. Mwanafunzi wetu huyajua majina ya nyimbo kama ajuavyo majina ya mito ya nchi asizozifikia. Huandika maana ya wawe katika karatasi ya mtihani, akapata alama zake, ilhali hajapata kuketi akasikiliza wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, akayaandika maneno yake, akajiuliza kwa nini mtunzi alichagua neno hili akaliacha lile. Tena nyimbo anazofundishwa aghalabu hazina mwenyewe, kana kwamba ziliota zenyewe kama uyoga. Watunzi wenye majina, waliotunga kwa jasho na kurekodi kwa gharama, hawamo darasani.

Dai langu ni hili: mtunzi wa nyimbo ni mwandishi, na albamu yake ni kitabu. Kitabu husomwa kizima, huwekwa rafuni, hunukuliwa, hubishaniwa. Nyimbo za watunzi wetu hazijapewa heshima hiyo, na zisipopewa upesi tutabaki na viitikio tusivyojua maana yake.

Hebu tuanze na mfano wa jirani. Mwaka 1993 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu ya Ayub Ogada iitwayo *En Mana Kuoyo*, yaani "Ni Mchanga Tu" kwa Kidholuo. Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda. Katika miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Black Savage ya Nairobi, vijana wa magitaa ya umeme na ngoma za kizungu. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anawapigia abiria katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, hadi watu wa tamasha la WOMAD walipomsikia. Alirejea Kenya mwaka 2007, na akafariki mwaka 2019.

Katika albamu hiyo umo wimbo "Kothbiro", maana yake "mvua yaja". Wengi waliusikia katika filamu *The Constant Gardener* ya mwaka 2005. Lakini wimbo huo ulikuwa umekwisha kurekodiwa na Black Savage katika miaka ya 1970, kwa magitaa na vishindo vya bendi. Msikilizaji akiziweka rekodi hizo mbili pamoja hupata somo kubwa. Dylan alianza na gitaa la mbao, kisha mwaka 1965 akapanda jukwaani katika tamasha la Newport na gitaa la umeme, na baadhi ya mashabiki wakamzomea. Ogada alikwenda njia ya kinyume: alianza na umeme, kisha akarudi kwenye kinubi cha nyuzi nane na sauti yake tupu. Maneno yaliyokuwa yakishindana na bendi yakapata nafasi ya kupumua. Mvua iliyokuwa habari ya kuchezea dansi ikawa mvua ya mtu anayetazama mawingu na kuwaita watoto.

Hayo hayaonekani kwa kusikiliza wimbo mmoja katika matatu iendayo Keroka. Huonekana mtu anapoisikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, mara ya kwanza kwa sikio, mara ya pili kwa kalamu. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi hilo. Wasiojua Kidholuo waliwatafuta wenzao wanaokijua, wakaandika, wakafasiri kwa Kiswahili, wakagombana juu ya neno moja kwa muda wa saa nzima. Sikumbuki mhadhara wowote wa semantiki uliowahi kuwashughulisha kiasi hicho.

Msomaji wa Kisii au Nyamira atauliza: na sisi je? Swali ni la haki. Nyatiti ya Mjaluo ina ndugu yake hapa milimani, nayo ni obokano ya Omogusii. Navyo pia ni vinubi vya nyuzi nane, ila obokano ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito, yenye kunguruma kama mtu anayenena kutoka ndani ya mtungi. Majirani zetu wa upande wa mashariki, Wakipsigis, nao wana vinubi vyao. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wakiimba wimbo wa "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima hivyo. Basi asidhani mtu kwamba vijiji hivi vilikuwa kisiwa. Nyuzi zilikuwa zikisikilizana zamani, za hapa na za ng'ambo.

Gitaa lilipoingia Nyanza, wapigaji walilifundisha kunena kama kinubi, na ndipo ulipozaliwa muziki wa benga. Benga ilipopanda kutoka ziwani hadi Gusii ilikutana na masikio yaliyolelewa na obokano, na lugha nyingine ikaingia ndani yake. Aliyeipa sauti inayokumbukwa kuliko wengi ni marehemu Christopher Monyoncho na bendi yake ya Isamwera Jazz. Wazee wa Mosocho, Ogembo na Nyansiongo hawahitaji kuelezwa yeye ni nani. Alikuwa mtunzi kwa maana kamili ya neno hilo: aliwatazama watu wake, akawaimba kwa lugha yao.

Lakini kazi za kizazi chake ziko wapi? Ogada alipata albamu yenye jalada, jina, tarehe na mpangilio. Wapiga benga wengi wa miaka ya 1970 hawakuipata bahati hiyo. Wao walitoa santuri ndogo za nyimbo mbilimbili, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Baadaye zikaja kanda, zikanakiliwa sokoni bila ruhusa, na katika kunakiliwa huko tarehe na majina ya wapigaji yakapotea. Nimeona kwa macho yangu santuri ikifunikia mtungi wa maji. Kwa hiyo anayetaka kuifahamu kazi ya mtunzi wa Kigusii hana albamu ya kugundua. Sharti kwanza aikusanye yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika.

Mimi ni mwanaisimu, na hasara hii naiona kwa jicho la kazi yangu. Ekegusii ina irabu saba, lakini tahajia yake huziandika kwa herufi tano. Ina irabu ndefu na fupi, na ina toni, na haya pia maandishi ya kawaida hayayaonyeshi yote. Tena ina kanuni nzuri ya sauti ambayo Kiswahili hakinayo: husemwa *okorema* kwa "kulima", lakini *ogosoma* kwa "kusoma", kwa sababu *k* ya kiambishi hubadilika na kuwa *g* inapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna. Mtoto aliyelelewa na bibi yake huyatamka haya bila kufikiri. Mtoto wa mjini, ambaye nyumbani husikia Kiswahili, Kiingereza na Sheng, atayapata wapi? Kitabu hakiwezi kumpa irabu zote saba. Sauti ya mwimbaji hodari inaweza.

Msamiati nao ni vivyo hivyo. Kijana akikutana leo na neno *ebisarate*, yaani makambi ya ng'ombe yaliyolindwa na vijana wa kiume kabla ya serikali ya kikoloni kuyavunja karibu na mwaka 1913, atakutana nalo katika kitabu cha historia. Kitu kikifa, neno lake hutafuta mahali pa kujificha, na maficho yake ya mwisho huwa wimbo, methali au jina la mtu. Kuziacha nyimbo zipotee ni kuyaziba maficho hayo.

Nazijua hoja za wapinzani. Wapo wasemao kwamba nyimbo zote sasa ziko katika intaneti, hivyo hakuna kinachopotea. Ni kweli nyingi zimo, na tunawashukuru waliozitia humo. Lakini rundo la vitabu sakafuni si maktaba. Wimbo usio na tarehe, usio na majina ya waliopiga, usio na maneno yaliyoandikwa, kwa mwanafunzi ni kama barua isiyo na anwani. Wengine huhofia kwamba kufundisha nyimbo za kabila moja kutachochea ukabila. Kwa uzoefu wangu, imekuwa kinyume. Mwanafunzi wa Kigusii aliyefasiri wimbo wa Kidholuo humheshimu Mjaluo zaidi, si kidogo zaidi. Na Kiswahili, kinachokaa katikati ya lugha hizi, ndicho daraja la kazi hiyo. Wapo pia wazazi wacha Mungu wanaoziona nyimbo za gitaa kuwa za kidunia. Kwao nasema hivi: Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi mengi ya mapenzi na ya mizaha, na shule zetu humsoma bila wanafunzi kuharibika.

Basi tufanye nini? Jambo la kwanza liko mikononi mwa walimu wenzangu. Mwalimu wa Kiswahili anapofika kwenye mada ya nyimbo, awatume wanafunzi wake nyumbani wakasikilize wimbo mmoja wa mtunzi anayejulikana kwa jina, wayaandike maneno yote, waulize wazee maana ya yale wasiyoyajua, kisha waufasiri. Kazi hiyo haihitaji maabara wala bajeti. Inahitaji simu ya mkononi, daftari na babu mwenye subira. Kwa muda mfupi shule moja itakuwa na mkusanyiko ambao chuo kikuu kizima hakina.

Jambo la pili ni la serikali za kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na maktaba na makumbusho. Kifungu cha 7 kinaitaka dola kukuza lugha za kiasili, na cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Umma wa ukubwa huo haustahili kukosa chumba kimoja, Kisii au Nyamira, penye santuri za watunzi wake zilizosafishwa, kunakiliwa na kuorodheshwa. Mfano upo: Ketebul Music ya Nairobi imeshughulika kwa miaka mingi kuutafiti na kuuhifadhi muziki wa Kenya, benga ikiwamo.

Jambo la tatu ni haki ya mtunzi. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Asije mtu, awe profesa au mfanyabiashara, akachapisha maneno ya marehemu bila kuwaona jamaa zake. Watunzi wengi hawakufaidi jasho lao walipokuwa hai. Si vyema tuwanyang'anye tena kaburini kwa jina la utafiti.

Tabaka huchongwa mawe laini yanayosafiri hadi Ulaya na Marekani, na mchongaji hujua kwamba jiwe likidondoka litavunjika, kwa hiyo hulifunga kwa nyasi kabla ya safari. Nyimbo ni laini kuliko jiwe hilo. Ogada alizungushiwa nyasi na wageni, na kazi yake ikafika salama. Zilizobaki ni zamu yetu kuzifunga, wangali hai wanaozielewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayo. Daftari, ndugu mwalimu, liko mezani pako.