Nimerudi Kufuma, na Hapana, Siuzi

Wadau, kuna staa wetu mmoja wa kike, jina naliacha maana wengi mshamjua, juzi kaposti video amekaa kibarazani anafuma sweta. Hajajipodoa, hana wigi, ni sindano mbili na uzi wa kijani basi. Nikajua leo mtandao utapumua. Wapi! Nusu ya komenti: "Kafulia huyu", "Uzee unapiga hodi". Nusu nyingine, hawa eti ndio wanaompenda: "Dada fungua ukurasa uuze", "Unachukua oda?", "Bei?"

Wale wa kwanza wala hawaninyimi usingizi. Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, alionekana anafuma jukwaani kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, siku chache tu baada ya kuchukua dhahabu. Na hiyo medali aliifumia mfuko isikwaruzike. Nani alimwambia kafulia?

Wale wa pili ndio wananiuma, kwa sababu ndio walioniachisha kufuma.

Bibi yangu wa Njombe alinifundisha nikiwa darasa la nne, kwa spoku mbili za baiskeli. Baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba haina utani, kule sweta si urembo. Tundu likikudondoka linashuka mpaka chini kama ngazi, na Bibi hakusaidii. Anakutazama tu ulipandishe mwenyewe.

Mwaka 2016 nikiwa nimeshaanza kazi hapa Dar, nikamfumia mwenzangu wa ofisini seti ya mtoto: kikoti, kofia na soksi. Zawadi jamani! Wiki hiyo hiyo nikapata oda tano. Nikasema si ndio mchongo wenyewe huu. Seti elfu 15, nyuzi zinakula elfu 6, jioni nne mpaka tano. Piga hesabu mwenyewe. Mmoja nikiwa nimebakiza soksi moja tu akabadilisha mawazo, hataki tena njano anataka pinki. Mwingine mpaka leo namdai. Halafu lile swali: "Mbona Kariakoo zipo za elfu 8?" Zipo kweli, za mashine, na mashine haiumwi kiganja.

Ila ile krosheti, ya sindano moja yenye ndoano, mpaka leo inafanywa kwa mkono, mashine zinaiga muonekano tu. Kwa hiyo shosti, hicho kitop cha krosheti ulichookota kwa bei ya chipsi yai, kuna mtu mahali kakikalia masaa. Alilipwa nini?

Mwaka 2017 nikafunga kila kitu kwenye mfuko, chini ya kitanda. Sikuamua kuacha. Nilikuwa tu nikiona uzi, roho inachoka.

Mwaka huu usiku mmoja umeme ukakatika, simu ina asilimia 3, usingizi hamna. Nikauvuta ule mfuko. Ndani, bado iko kwenye sindano, soksi ya njano. Yule mtoto sasa hivi yuko shule ya msingi! Nikaimalizia kwa mwanga wa tochi, vidole vinakwenda vyenyewe kama havijawahi kupumzika. Kesho yake nataka kuanza sweta langu, kumbe kuanzisha nimesahau kabisa. Nikampigia Bibi. "Unaanza na fundo," akasema. "Au na fundo nalo umesahau?"

Najua mtasema ni rahisi kwangu, nina mshahara. Ni kweli. Anayeishi kwa kufuma mlipeni, tena yote, tena mapema, msimpige bei kama mnanunua nyanya. Lakini mtu aliyekaa anapumzika, ukimwambia auze hujamsifia, umemrudisha kazini. Mjini hapa ukipika vizuri fungua mgahawa, ukiimba bafuni ingia studio, ukilima mchicha kwenye ndoo uwe mjasiriamali. Sasa tupumzikie wapi?

Na yule dada jana kaandika "suala la oda nalifanyia kazi". Dada, kama unasoma hapa, malizia kwanza hilo la kijani. Livae. Halafu ndio uamue.

Langu ni la bluu, na mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa kama vidole viwili, sifumui. Juzi nimelitoa kwenye mwendokasi, binti mmoja kaniangalia vituo vitatu vizima, mwisho akauliza shilingi ngapi. Nikamwambia siuzi.

"Sasa sweta Dar joto hili la nini?"

Nikamwambia mwezi wa saba naenda kwa Bibi.