Programu za hedhi hazimjui mama yangu

Nimekuwa kimya wiki tatu, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Nilikuwa Nakuru kwa mama. Nilikwenda kumsalimia tu, nikarudi na hasira juu ya programu za simu, na kwa kuwa mimi mwenyewe natengeneza programu, sehemu ya hasira hiyo inanirudia.

Leo nazungumzia hedhi. Wanaume msikimbie. Mna mama, mna dada, mna wake, na wengi wenu ndio mnaoandika programu ninazozilalamikia. Mama ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina lake wala shule anayofundisha.

Mama ana miaka 49. Kwa miaka miwili hedhi yake imepoteza ratiba. Inakuja baada ya wiki tatu, kisha inapotea miezi miwili, halafu inarudi kwa kishindo: siku tisa, mabonge ya damu, pedi mbili kwa wakati mmoja. Darasani anavaa sketi nyeusi tu. Kwenye kiti cha chumba cha walimu anatandika leso kwanza ndipo akae. Safari ya matatu ya zaidi ya saa moja haendi, hata kama ni harusi. Hakumwambia mtu yeyote. Mimi nilishtuka nilipomwona akisimama mara mbili kupumzika kati ya steji na nyumbani, njia ambayo zamani alikuwa akiipita huku amebeba kilo kumi za viazi na akinigombeza niharakishe.

Alikuwa ameshakwenda kliniki moja. Aliulizwa: ya mwisho ilikuwa lini? Na kabla ya hiyo? Ilidumu siku ngapi? Akasema hakumbuki vizuri. Akaambiwa ni mambo ya umri, itaisha yenyewe. Akalipa, akarudi nyumbani.

Basi mimi, fundi wa kompyuta wa familia, nikafanya nilichodhani ni busara. Nikamwekea kwenye simu programu ileile ya hedhi ninayotumia mimi. Kwangu inafanya kazi vizuri sana. Nina miaka 28 na mzunguko wangu ni siku 28 au 29, kwa hiyo programu inaonekana kama mganga anayejua kesho.

Kwa mama ikawa vichekesho. Ilimwambia itakuja kesho, haikuja. Ikamwambia amechelewa siku 5, siku 12, siku 30. Ikamuuliza kama ana mimba, na picha ya mtoto mchanga ikatokea. (Swali lenyewe si la kijinga. Mwanamke anaweza kushika mimba mpaka hedhi ikome kabisa, na daktari mzuri naye hupima mimba kwanza. Lakini picha ya mtoto?) Hatimaye hedhi ilipokuja na mama akaingiza tarehe, ikamwambia mzunguko huo si wa kawaida, kwa hiyo imeuondoa kwenye hesabu.

Hapo ndipo nilipokasirika. Tuingie jikoni kidogo muone kwa nini.

Programu nyingi za aina hii, ukiondoa maua na rangi ya waridi, kiini chake ni wastani. Chukua mizunguko iliyopita, jumlisha, gawanya, ongeza kwenye tarehe ya mwisho. Mizunguko mitano ya mama ilikuwa hivi: siku 23, 41, 19, 62, 27. Jumla ni 172, wastani ni 34. Angalieni tena orodha. Hakuna mzunguko hata mmoja wa siku 34, wala unaokaribia. Programu inamtabiria kitu ambacho hakijawahi kumtokea, na kikikosa kutokea inamwambia yeye ndiye amechelewa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba namba hizo zinasema mengi, ila kwa swali lingine. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Utah, Marekani, wakagawa safari ya mwanamke kuelekea kukoma hedhi katika hatua, na mwaka 2012 wakachapisha marekebisho. Kanuni zao ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuziandika katika mistari kumi. Ikiwa mizunguko inayofuatana inatofautiana kwa siku 7 au zaidi, na hali hiyo ikajirudia ndani ya mizunguko kumi, safari imeanza. Ukipatikana mwanya wa siku 60 au zaidi bila hedhi, umeingia sehemu ya mwisho ya safari. Ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, hedhi imekoma. Tofauti za mama ni siku 18, 22, 43 na 35. Na ana mwanya wa siku 62. Kwa maneno mengine, ule mzunguko ambao programu iliutupa kama takataka ndio uliokuwa habari yenyewe.

Na kwa nini damu iwe nyingi hivyo? Nilidhani mtu anayeelekea kukoma hedhi hupungukiwa polepole, kama bomba linalofungwa. Kumbe kuna miezi ambayo yai halitoki. Yai lisipotoka, homoni ya projesteroni haitengenezwi ya kutosha, na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa kwa nguvu ya estrojeni. Siku ukibomoka, unabomoka wote kwa pamoja. Lakini hiyo si sababu pekee. Kuna uvimbe wa faibroidi, kuna matatizo ya tezi la shingo, kuna hata saratani, ndiyo maana jibu la "ni umri" bila vipimo ni jibu la uvivu. Ratiba kuvurugika katika umri huo ni kawaida. Kuvuja mpaka mtu ashindwe kupanda kilima ni suala tofauti.

Hata wingi wa damu unahesabika. Mwaka 1990 madaktari wa Uingereza walitoa chati ya picha, karatasi na kalamu tu. Pedi iliyoguswa kidogo alama 1, iliyolowa kiasi alama 5, iliyolowa kabisa alama 20. Bonge dogo 1, bonge kubwa 5. Jumla ya hedhi nzima ikifika 100, hiyo ni damu nyingi. Mama katika siku ya pili peke yake alilowesha pedi saba. Saba mara ishirini ni 140, na bado kuna siku nane nyingine! Programu ile ilimpa vitone vitatu vya kuchagua: kidogo, wastani, nyingi. Alichagua "nyingi", ikamshauri anywe maji na apumzike.

Najua mtaniambia kwamba miaka ya karibuni programu kubwa zimeanza kuongeza sehemu ya wanawake wa umri huu. Kweli, nimeziona. Zile nilizojaribu zilitaka malipo ya kila mwezi, na zilijaa makala za kusoma. Mama hakuhitaji makala. Alihitaji kitu cha kukumbuka kwa niaba yake, ili akiulizwa "ya mwisho ilikuwa lini" asibaki akiangalia dari.

Mimi nadhani tatizo ni letu sisi tunaoziandika. Tunajitengenezea sisi wenyewe, watu wa miaka 25, kisha tunaita waliobaki "hali zisizo za kawaida". Nchi nzima iko hivyo. Kodi ya VAT kwenye pedi iliondolewa 2004, sheria ya 2017 ikaahidi pedi za bure kwa wasichana shuleni, na 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni na suruali nyeupe yenye doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe. Mambo mazuri yote, nayaunga mkono. Lakini katika mazungumzo hayo mwenye hedhi ni msichana wa darasa la saba. Mwalimu wake anayetandika leso kwenye kiti hatajwi.

Tena kuna suala la siri. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na kampuni ya Flo baada ya kuituhumu kwamba ilipeleka habari za watumiaji kwa makampuni kama Facebook na Google ilhali iliwaahidi kuzificha. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, ni vizuri, ila sisi tuliowahi kuona programu za mikopo zikipigia shangazi na mwajiri simu tunajua sheria na simu ni vitu viwili. Tarehe za hedhi hazina haja ya kwenda kwenye seva yoyote. Ni namba chache kwa mwezi. Zinatosha kwenye simu ya mulika mwizi!

Basi nikaandika yangu, jioni mbili mezani kwa mama. Haitabiri chochote. Inauliza damu imeanza lini, imeisha lini, pedi ngapi na zimelowa vipi. Inahesabu siku tangu mara ya mwisho. Inatoa onyo mara tatu tu: alama zikifika 100, pedi zikilowa kila saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, maana hiyo ni ya kwenda hospitali hata kama ni tone. Mwisho inatoa ukurasa mmoja wa kumwonyesha daktari.

Mama aliitumia siku nne. Akasema herufi ni ndogo, akachukua daftari la alama za wanafunzi lililobaki na kurasa tupu, akaanza kuandika humo kwa kalamu nyekundu. Jumapili jioni ananisomea kwa simu, mimi naingiza. Nimekubali kushindwa.

Ule ukurasa mmoja tulikwenda nao kwa daktari wa wanawake, hospitali nyingine. Aliusoma kama dakika moja, akaagiza kipimo cha damu na picha ya altrasaundi. Hemoglobini ilikuwa 7.9, na kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Faibroidi mbili. Amepewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya tranexamic acid ya kumeza siku damu inapokuwa nyingi, na wamezungumzia kitanzi chenye homoni. Bado anafikiria. Sasa anapanda kile kilima kwa pumzi moja, ingawa ananiambia nisimtangaze.

Leo asubuhi kaniandikia ujumbe wenye namba tu: 74. Ni siku tangu ya mwisho. Ikirudi, tutaanza upya kutoka sifuri.

Wanaotaka kuijaribu au kuisahihisha, nitaiweka hapa wiki ijayo. Bado ina upungufu mkubwa mmoja: inahesabu pedi za dukani tu, na wanawake wengi wa rika la mama wanatumia vitambaa. Mwenye wazo la jinsi ya kupima kitambaa aniambie.